Sedani ya mkononi ya ukubwa wa kati: ninunue au niachane nayo?

Mama wa Watatu (mleta uzi)

Wadau wa magari, habari zenu. Naomba tushauriane kabla sijatoa hela.

Tuko watano nyumbani na gari letu ni dogo, lita 1.3. Watoto wamekua, magoti yao yanagusa viti vya mbele, na safari ndefu huisha kila mtu amenuna. Mume wangu anataka tuhamie kwenye SUV. Mimi nimependa sedani ya ukubwa wa kati, lile daraja la Camry, Accord, Mazda6, Passat na Sonata. Nimepata moja ya 2012, petroli, lita 2.5, gia otomatiki, dashibodi inasoma kilomita 118,000. Muuzaji anasema ameliendesha peke yake tangu likiwa jipya.

Hela ya kulinunua ninayo, lakini nikishalipa sibaki na kitu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Je, gari la umri huu ni kujitafutia kesi gerejini? Au kwa hela hiyohiyo nichukue dogo ambalo ni jipya zaidi? Na nikienda kulikagua nianzie wapi? Mimi si fundi, semeni kwa lugha nitakayoelewa.

Gia ya Tano

Dada usiumize kichwa. Kama ni Camry, beba. Magari hayo hayafi.

Spana Mkononi

Mkuu Gia ya Tano uniwie radhi, hilo neno "hayafi" ndilo linalojaza gereji yetu. Mtu akishaaminishwa kwamba gari halifi, hamwagi oili kwa wakati, haangalii kulanti (maji ya kupoza injini), halafu analiuza kwa mwingine aliyeaminishwa vilevile. Dada, usinunue jina. Nunua gari moja lililo mbele yako, na historia yake.

Nianze na swali lako la kwanza. Sedani za daraja hili ni ununuzi mzuri kwa mtu wa mkononi, na sababu yake iko kwenye bei. Gari jipya mara nyingi hupoteza karibu nusu ya thamani ndani ya miaka mitano ya kwanza, na hasara hiyo hubebwa na mwenye gari wa kwanza. Siku hizi pia watu wamekimbilia SUV, kwa hiyo sedani inashuka zaidi. Unapata injini kubwa kidogo isiyofanya kazi kwa kujilazimisha, viti vya watu wazima nyuma, buti lenye nafasi, kwa hela ambayo kwenye SUV ingekupa gari lililochoka zaidi.

Ila jina la gari linakusaidia kitu kimoja: kujua kidonda chake kiko wapi. Haya yanajulikana wazi na kampuni zenyewe zimeyashughulikia:

Camry za 2007 hadi 2009 zenye injini ya lita 2.4 (2AZ-FE) zilijulikana kwa kula oili kwa sababu ya pete za pistoni, mpaka Toyota ikarefusha dhamana. Ya lita 2.5 iliyofuata ni injini nyingine, usizichanganye. Sonata za Hyundai na Optima za Kia za 2011 na kuendelea zenye injini ya Theta II ziwe na maswali ya ziada: Septemba 2015 Hyundai ilitoa wito Sonata karibu 470,000 za 2011 na 2012 zirudishwe kurekebishwa huko Marekani, kwa kuwa mabaki ya chuma ya kiwandani yaliziba njia za oili na kuua beringi za krankshafti. Mwaka 2017 wito ukapanuliwa na Kia ikaingia. Ukikuta moja ya hizo, uliza kama injini ilibadilishwa, na uone karatasi. Altima za 2013 hadi 2016 zina gia boksi za CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, ambazo Nissan ililazimika kuziongezea muda wa dhamana Marekani. Passat yenye DSG, otomatiki ya klachi mbili, ya gia saba, ile ya klachi kavu, usiiguse bila fundi anayeijua. Accord ya V6 ina mkanda wa taimingi (unaopanga mwendo wa vali na pistoni) unaotakiwa kubadilishwa karibu na kilomita 160,000 au miaka saba. Ukikatika, vali na pistoni zinagongana, na hapo unashusha injini. Accord ya lita 2.4 yenye silinda nne ina cheni, haina kesi hiyo.

Mazda6 ya 2013 kuja mbele inatumia otomatiki ya kawaida ya gia sita. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko mfumo wowote wa muziki.

Na hapo nakazia. Kwenye sedani ya mkononi, injini ndiyo inayoangaliwa na kila mtu, lakini gia boksi ndiyo inayofilisi. Muuzaji akikwambia oili ya gia "ni ya maisha", muulize maisha ya nani. ZF, Wajerumani wanaotengeneza gia boksi za magari mengi makubwa, wanashauri oili ya otomatiki zao ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane. Gari lako lina 118,000 na umri umepita. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: oili ya gia ilibadilishwa lini, na ni aina gani iliwekwa?

Mzee wa Kulanti

Mwanangu, Spana kasema kweli. Nami naongeza la kwangu la siku zote. Kabla gari halijawashwa, likiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta uangalie ndani. Kulanti nzuri ina rangi safi, iwe nyekundu, kijani, bluu au waridi kutegemea aina. Ukikuta maji matupu yenye kutu, huyo mwenye gari amekuwa akilijazia tu. Ukikuta utando wa mafuta, funga, shukuru, ondoka. Na usifungue kamwe likiwa la moto, litakuunguza.

Bonyeza na mipira ya rejeta kwa vidole. Mpira mzima unanyumbuka. Uliokauka unasikika ukitoa mlio wa kupasuka ndani.

Mama wa Watatu

Asanteni sana, nimeandika yote. Spana, hilo la gia sikulijua kabisa, nilikuwa nimejiandaa kuuliza injini tu.

Bado nina wasiwasi na mafuta. Kutoka lita 1.3 kwenda 2.5 si nitalia kila nikifika kituoni? Na hizo kilomita nitajuaje kama ni za kweli?

Mpenda Takwimu

Dada, hapa wengi wanadanganywa na ukubwa wa injini. Chukua vipimo vya EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, kwa magari matatu ya Toyota ya mwaka uleule, 2012, yote otomatiki, mjini na barabara kuu vikichanganywa. Corolla ya 1.8 inakunywa karibu lita 8.1 kwa kilomita 100. Camry ya 2.5 karibu 8.4. RAV4, ambayo ni SUV, ya 2.5 inayovuta kwa mbele karibu 9.8. Yaani kutoka Corolla kwenda Camry ni tofauti ya kikombe, kutoka Camry kwenda RAV4 ni karibu lita nzima na nusu. Corolla ya mwaka huo ilikuwa na gia nne tu, Camry sita, ndiyo maana zimekaribiana.

Gari lako la 1.3 litakuwa linakunywa pungufu ya hapo, sikatai, na kwenye foleni utauona uzito wa sedani. Lakini kama safari zenu nyingi ni ndefu na mmejaa watano, hiyo 1.3 nayo inakanyagwa mpaka mwisho.

Mume wako naye asikilizwe kwenye kitu kimoja. Sedani hizi tumbo liko chini, Camry ina kama sentimita 15 tu kutoka ardhini. Kama njia ya kufika nyumbani ina makorongo, hoja yake ina uzito kuliko hesabu zangu.

Mama wa Watatu

Njia yetu ni ya lami mpaka mlangoni. Hapo nimemshinda.

Spana Mkononi

Sawa, tuje kwenye ukaguzi. Nitaandika kama ninavyofanya mwenyewe.

Nenda asubuhi na umwambie muuzaji mapema asiliwashe. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, ujue limeshawashwa. Injini ya moto inaficha mengi: mlio wa cheni iliyolegea, moshi wa asubuhi, betri dhaifu, kutetemeka. Chomoa kijiti cha oili. Kiwango kikiwa chini ya alama, uliza. Fungua kifuniko cha oili uangalie upande wa ndani: tope jeusi zito lina maana oili haikumwagwa kwa wakati, utando wa rangi ya maziwa una maana maji yanaingia, japo kidogo chake huweza kutokea kwa gari la safari fupifupi.

Washa, mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni kulanti. Mweusi ni petroli nyingi. Mvuke mwepesi unaopotea baada ya dakika chache usikutishe.

Kuhusu kilomita. Namba ya dashibodi inarudishwa nyuma kwa waya na kompyuta, haina jasho. Kinachokataa kudanganya ni vitu vinavyoguswa. Angalia mpira wa pedali ya breki, kingo za usukani, pembeni ya kiti cha dereva pale anapoingilia, vitufe vya vioo. Kilomita 118,000 na pedali imelika mpaka chuma haviendani. Vilevile pedali mpya kabisa kwenye gari kuukuu ina swali lake. Halafu tafuta risiti na vibandiko vya oili vyenye tarehe na kilomita, uone kama namba zinapanda kwa mfuatano.

Ajali. Fungua boneti na milango yote, tazama vichwa vya boliti zinazoshika fenda na bawaba. Kiwandani boliti hupakwa rangi pamoja na bodi. Ukiona rangi imechubuka kwenye kona za boliti, spana imepita hapo. Linganisha pengo kati ya boneti na fenda kushoto na kulia. Kama una rafiki mwenye kipimo cha unene wa rangi, rangi ya kiwanda mara nyingi iko kati ya maikroni 100 na 180. Ukisoma juu sana ya hapo, kuna rangi ya pili, na ukifika elfu, kuna puti chini yake. Bampa kupigwa rangi ni kawaida. Nguzo za paa na sakafu ya buti kupigwa rangi, mimi huwa siendelei.

Mafuriko. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho kabisa. Ule upande usiotoka kila siku ndio unaohifadhi doa la tope. Nyanyua spea tairi, pitisha kidole kwenye reli za viti.

Tairi zina namba nne ndani ya duara dogo baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zenye michirizi mizuri lakini zina miaka minane ni za kubadilisha, zitoe kwenye bei.

Sasa kompyuta, na hapa naomba dada uwe makini. Kila fundi atachomeka mashine na kukwambia "halina kosa". Hiyo haitoshi. Makosa yanafutwa kwa kubonyeza kitufe kimoja, taa ya cheki injini inazima, muuzaji anatabasamu. Lakini kompyuta ina vipimo inavyojifanyia yenyewe gari likitembea: katalaiza (kisafisha moshi), sensa za oksijeni, mfumo wa mvuke wa petroli. Makosa yakifutwa, vipimo hivyo vinarudi kwenye "bado" na vinachukua muda wa kuendesha kwa namna mbalimbali mpaka visome "tayari". Mwambie fundi akufungulie ukurasa huo. Magari mengi pia yanahifadhi umbali uliotembewa tangu makosa yafutwe. Ukisoma kilomita chache tu, mtu amefuta jana.

Barabarani: ukitoka P kwenda D, gari likikaa sekunde mbili tatu kabla ya kushika, au likishika kwa kishindo, hiyo ni gia. Jaribu na R. Panda mlima taratibu, halafu kanyaga. Sindano ya mizunguko ikiruka juu na gari halisogei kwa kasi inayolingana, gia inateleza. Zungusha usukani mpaka mwisho, tembea polepole: tak-tak-tak ni jointi za ekseli.

Mwisho, chukua namba ya chesisi uangalie kama kuna wito wa kurudisha gari kwa ajili ya mikoba ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Hili msilifanyie mzaha. Kemikali iliyotumika, amonia naitreti, inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mkoba ukilipuka unarusha vipande vya chuma. Watu wamekufa, na kampuni yenyewe ilifilisika 2017. Kampuni nyingi za magari zimehusika, na kubadilishiwa ni bure kwa wakala wa kampuni ya gari.

Mzee wa Kulanti

Na hela mwanangu. Hili umelisema kwenye mwanzo wako na hakuna aliyeligusa. Usilipe mpaka mfuko ukauke. Gari la miaka kumi na zaidi, hata zuri, linataka oili zote, vichujio, plagi, pengine tairi, breki na mkanda wa nje wa injini mara tu unapolipokea. Mimi nashauri robo ya hela yako yote ibaki nyumbani. Kama ukibakiza robo unashindwa kulifikia gari hilo, basi hilo si gari lako, shuka kwa mwaka mmoja au miwili au tafuta lenye kilomita zaidi na karatasi safi.

Gia ya Tano

Robo nyingi mzee. Akikosa gari zuri kwa sababu ya robo?

Mzee wa Kulanti

Magari mazuri yapo mengi. Familia iliyokwama barabarani na gari lisilo na hela ya spea, hiyo ndiyo tabu.

Mama wa Watatu

Wadau nimerudi na majibu.

Nilikwenda na fundi. Boneti ilikuwa ya moto. Muuzaji akasema alilisogeza kivulini. Nikaomba nirudi asubuhi nyingine, akakubali. Siku hiyo lilikuwa baridi na liliwaka vizuri, halina moshi, boliti safi, gia inaingia laini. Nilishaanza kulipenda. Fundi akachomeka mashine: hakuna kosa. Nikamwomba afungue ule ukurasa. Karibu vipimo vyote vinasoma "bado", na umbali tangu kufutwa kilomita 11.

Muuzaji akasema alibadilisha betri. Nikamwambia sawa, naomba uliendeshe kawaida siku chache, ukifikisha kama kilomita 200 tupime tena, na bei yako siipunguzi. Akasema kuna mteja mwingine anakuja na hela taslimu jioni. Nikamwachia huyo mteja.

Nimeumia, sitaki kuficha. Ndani kulikuwa kuzuri mno.

Gia ya Tano

Lakini betri ikitolewa kweli kompyuta inafuta. Huenda umemwonea.

Spana Mkononi

Ni kweli inafuta, na ndiyo maana dada hakumwita muuzaji mwongo. Alimwomba siku chache bila kupunguza bei. Mwenye gari zima hapotezi chochote hapo. Dada umefanya vizuri sana.

Mama wa Watatu

Nimerudi tena, safari hii na habari njema.

Nimepata Mazda6 ya 2014, lita 2.5. Kilomita 163,000, na ningekuwa sijasoma uzi huu ningeipita bila kuangalia kwa sababu ya namba hiyo. Mwenyewe ni mtu wa safari ndefu, ana bahasha ya risiti kuanzia mwanzo. Oili ya injini imemwagwa kwa mfuatano, oili ya gia imebadilishwa mara mbili, kulanti imebadilishwa. Boneti baridi. Vipimo vyote vya kompyuta vinasoma "tayari". Bampa ya mbele imepigwa rangi upya na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia kabla sijauliza. Namba ya chesisi imeangaliwa, haina wito wowote uliobaki.

Kasoro: tairi zote nne zinasoma 2216, diski za breki za mbele zimechimbika, na bushi (mpira wa kwenye mikono ya magurudumu) moja ya mbele kushoto imechoka. Fundi aliziandika kwenye karatasi na bei za spea, nikamkabidhi mwenye gari, akapunguza karibu thamani ya tairi na diski. Bushi nimeibeba mimi. Mume wangu alikaa kiti cha nyuma pamoja na watoto wawili tukazunguka nalo, akashuka akauliza tunalipa lini.

Na robo ya Mzee imebaki, pungufu kidogo tu.

Swali la mwisho: mwenye gari ana risiti za kila kitu isipokuwa plagi na oili ya breki. Nianze na nini?

Mzee wa Kulanti

Tairi kwanza mwanangu, hizo 2216 zisiende safari ndefu na watoto. Oili ya breki siku hiyohiyo magurudumu yakiwa nje, inanyonya unyevu na kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi.

Spana Mkononi

Baada ya hapo diski na bushi kwa pamoja, halafu alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ndiyo iwe ya mwisho. Ukipima alaimenti kabla ya bushi utalipa mara mbili. Plagi zinaweza kusubiri, ila kwa kilomita hizo ziwekwe kwenye sevisi ya kwanza, za iridiamu, namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na anza kuweka risiti zako kwenye bahasha ileile.